Siku ya Kuzaliwa ya Marehemu

Mlango wa treni ukifunguka pale Tsuruhashi, Osaka, harufu ya nyama ya kuchoma inakupokea hata kabla hujaona duka. Ilikuwa vuli ya mwaka 2018. Mwenzangu wa maabara, Mkorea aliyezaliwa huko huko Japani, alinialika kwa bibi yake kwenye chesa, ibada ya kuwaandalia chakula marehemu wa ukoo.

Tulipitia sokoni. Vichochoro vya kando ya reli ni vyembamba, ukibeba kikapu unapishana na watu kwa ubavu. Kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, imejaa mabeseni, nyekundu, inauzwa kwa kupimwa. Pembeni miguu ya nguruwe, samaki wakavu, magauni ya Kikorea yametundikwa hadi darini. Mbele zaidi, mtaa wa maduka wa Ikuno, wasichana wa Kijapani walipanga foleni kununua vipodozi na picha za waimbaji wa Seoul. Biashara hiyo inawalisha wengi, na nilifurahi kuiona imechangamka. Lakini roho ya Ikuno iko nyuma ya maduka, kwenye nyumba zilizobanana karibu na mfereji wa Hirano. Wakorea wengi wa hapa asili yao ni kisiwa cha Jeju, kusini mwa Korea. Walianza kuja kwa meli miaka ya 1920, Korea ikiwa chini ya Japani, wakawa vibarua viwandani. Mtaa uliitwa Ikaino. Mwaka 1973 jina hilo lilifutwa kwenye anwani. Wazee wanalitaja hadi leo.

Jikoni mama yake mwenzangu alikuwa akichovya vipande vya samaki na boga kwenye yai na kuvikaanga. Hakuna pilipili wala kitunguu saumu. Chakula cha marehemu hakitiwi. Nilipita kwenye mabeseni mekundu yale yote, kisha nikakuta meza ya wali mweupe, mchuzi mwepesi, mishikaki, matunda, na samaki mzima wa Jeju. Katikati yake, keki ya kastera. Jeju mpunga haustawi, bibi alinieleza, kwa hiyo watu wa huko huwawekea wazee wao hata mkate.

Marehemu wa siku hiyo alikuwa baba yake bibi. Tarehe 3 Aprili 1948 yalizuka maasi kisiwani, na katika msako wa serikali uliofuata wakauawa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 25,000 na 30,000. Baba alichukuliwa nyumbani, hakurudi. Bibi, akiwa mtoto, alivushwa bahari usiku na mama yake kwa mashua ya magendo. Kwa miongo mingi kulizungumza jambo hilo Korea Kusini kulikuwa hatari. Rais Roh Moo-hyun aliomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 2003. Siku aliyouawa baba haijulikani. Kwa hiyo familia inamfanyia ibada siku aliyozaliwa.

Mjomba mkubwa aliwasha ubani, akazungusha kikombe cha pombe juu ya moshi, akakiweka mezani. Wakasujudu mara mbili, vipaji vya nyuso hadi mkekani. Kijiko kikasimamishwa kwenye wali, mpini juu, ili mgeni, yaani marehemu, ale. Tukatoka chumbani wote, tukangoja ukumbini bila kusema kitu. Nilimtazama bibi: alikuwa amekaza macho mlangoni kama anayesikiliza mtu akila. Kwetu Tanga tunasoma hitima na kula pamoja, lakini sijawahi kuona marehemu akipewa muda wake wa kula peke yake, na ilinigusa sana.

Kisha chakula kikateremshwa, kila mtu akapata sehemu yake. Bibi akanikatia kipande kikubwa cha kastera.

"Mjukuu wangu, babu yako aliitwa nani?"

"Mzee Hamisi, bibi."

Akalirudia hadi likamkaa mdomoni, akauliza alikufa lini, alipenda kula nini. Nikamwambia: samaki wa kupaka. Akataka kujua anavyopikwa, nazi inakunwaje, na tukabaki kwenye nazi hadi karibu treni ya mwisho.

Mwaka uliofuata waliniita tangu asubuhi, nikapewa aproni na kazi ya kukaanga boga.