Nilivyobadilisha beringi za puli za mkanda kwenye injini yenye supachaja

Injini ya gari langu ina mkanda mmoja unaoendesha supachaja (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu), altaneta na pampu ya maji kwa pamoja, nao unaongozwa na puli mbili za chuma zisizoendesha chochote pamoja na puli ya kikaza mkanda. Mtu anaweza kuzidharau puli hizi kwa kuwa kazi yake ni kuupindisha mkanda tu. Lakini beringi ya mojawapo ikikwama, mkanda huungua au huruka, na hapo nguvu ya supachaja, chaji ya betri na mzunguko wa maji ya kupoozea injini hupotea kwa mara moja. Kwa hiyo niliposikia mkwaruzo unaopanda na kushuka pamoja na mizunguko ya injini, mkali zaidi injini ikiwa baridi, sikutaka kungoja uzidi.

Kazi iliyonichukua umakini mwingi ilikuwa kujua sauti inatoka wapi hasa. Mbele ya injini ya namna hii kuna beringi nyingi zilizokaribiana, na sauti husafiri ndani ya chuma kiasi kwamba sikio peke yake hudanganywa kwa urahisi. Nilichukua bisibisi ndefu, nikaweka ncha yake kwenye kichwa cha bolti ya kila puli injini ikiwa inanguruma taratibu, na mpini wake nikaugusisha kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Kichwa cha bolti kinafaa kwa sababu hakizunguki, na kinapokea mtetemo moja kwa moja kutoka pete ya ndani ya beringi. Kazi hii hufanywa bila mikono mirefu ya shati inayoning'inia, kwa kuwa mkanda uko karibu sana na vidole. Puli ya juu, iliyo jirani na supachaja, ilitoa mkwaruzo mkavu. Ya chini ilitoa mngurumo hafifu.

Baadaye niliuondoa mkanda na kuiwasha injini kwa sekunde chache tu, maana pampu ya maji ilikuwa haizunguki. Sauti ilitoweka kabisa, nikajua kwamba kranki, yaani ekseli kuu ya injini, haihusiki. Injini ikiwa imezimwa, nilizungusha kila kitu kwa mkono. Hapa watu wengi hupotoka: puli inayozunguka kwa muda mrefu, nyepesi kama pia ya mtoto, huonekana kuwa nzima, ilhali wepesi huo ni dalili kwamba grisi imekwisha. Beringi mpya iliyofungwa kwa sili za mpira huzunguka kwa uzito kidogo na kusimama mapema. Puli ya juu ilikuwa na wepesi huo wa hatari, na nilipoishika ukingoni na kuitikisa, ilicheza. Ya chini haikucheza, lakini vidole vilihisi chengachenga kila ilipogeuka. Ekseli ya supachaja yenyewe ilizunguka laini, jambo lililonipa faraja, kwa sababu ukarabati wa beringi zake ni kazi ya aina nyingine kabisa.

Nilipotoa puli zote mbili nilikuta namba 6203-2RS imechongwa ubavuni mwa beringi: 6203 ni kipimo, yaani tundu la milimita 17, kipenyo cha nje milimita 40 na unene wa milimita 12, na 2RS ni sili za mpira pande zote mbili. Ni beringi ya kawaida sana, inayopatikana karibu kila mahali, na ndiyo sababu niliamua kubadilisha beringi badala ya kununua puli nzima. Hata hivyo, ukawaida wake haumaanishi kwamba kila 6203 inafaa hapa, na hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha kazi yote.

Puli ya kranki kwenye injini yangu ina kipenyo cha milimita 180, na puli ya kuongozea mkanda ina milimita 75. Injini ikifikia mizunguko 6,000 kwa dakika, puli ndogo huzunguka mara 14,400. Beringi ya 6203 yenye sili za kawaida zinazobana pete ya ndani huwa na kikomo cha takriban mizunguko 12,000, kwa sababu msuguano wa sili huzalisha joto. Mvuto wa mkanda nao ni mkubwa, maana kuendesha supachaja kunahitaji nguvu nyingi. Mkanda ukipinda puli kwa nyuzi 90, beringi hubeba mzigo wa takriban mara 1.4 ya mvuto huo. Ukiizunguka nusu duara, mzigo huwa mara 2. Kwa beringi za gololi, mzigo ukiongezeka maradufu umri wa chuma hubaki sehemu moja kati ya nane. Juu ya hayo yote kuna joto la injini: grisi ya kawaida ikishavuka nyuzi 70 za Selsiasi, kila ongezeko la nyuzi 15 hivi hupunguza umri wake kwa nusu.

Nilichagua basi beringi zenye sili za mpira zisizokandamiza pete ya ndani, zenye grisi ya poliurea inayostahimili joto, na zenye alama ya C3, yaani nafasi ya ndani iliyo kubwa kidogo kuliko ya kawaida. Nafasi hiyo inahitajika kwa sababu beringi ikishindiliwa ndani ya puli, pete ya nje hubanwa, na pete ya ndani ikipata joto hutanuka; gololi zikikosa nafasi, beringi mpya huharibika upesi kuliko ile ya zamani.

Kabla ya kutoa beringi za zamani nilipima kwa kalipa jinsi zilivyozama ndani ya puli, kwa kuwa tofauti ya hata milimita moja huupeleka mkanda pembeni. Nilitunza pia bushi ya katikati, ile inayoziba tofauti kati ya tundu la milimita 17 na bolti nyembamba, pamoja na kifuniko chake cha vumbi, nikiweka alama ya upande unaotazama nje. Loki inayozuia beringi isitoke niliiondoa kwa koleo lake, nikaikalisha puli juu ya kipande cha bomba, na kuisukuma beringi kwa jiliwa. Nilifungua sili ya ile ya juu ili nione. Grisi ilikuwa imegeuka ukoko wa kahawia uliogandamana kwenye kishikilia gololi, gololi zimepoteza mng'ao, na kwenye mfereji wa pete ya ndani kulikuwa na ukanda wa kijivu wenye vishimo vidogo upande mmoja.

Beringi mpya niliziweka kwenye friza, na puli nikazipasha joto hadi karibu nyuzi 90. Zilipokutana, beringi iliingia kwa msukumo mdogo wa jiliwa, nikitumia soketi iliyolingana na pete ya nje. Kusukuma kupitia pete ya ndani hakufai hata kidogo, kwani nguvu yote hupitia kwenye gololi na kuacha alama kwenye mifereji yake. Beringi huanza kulia siku ile ile. Nilirudisha loki, nikahakikisha imekaa kwenye mfereji wake duara zima, kisha nikapima kina tena.

Puli ya kikaza mkanda ni ya plastiki, na beringi yake imeundwa pamoja nayo, kwa hiyo hiyo niliinunua nzima. Bolti yake inafungwa kinyume cha kawaida, na mshale uliochongwa ubavuni ndio unaolionyesha jambo hilo. Anayeilazimisha bila kuutazama ataikata. Bolti zote nilizikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilicho kwenye kitabu cha gari.

Baada ya kurudisha mkanda niliwasha injini na kutazama kwa tochi kama unakaa katikati ya kila puli. Mkwaruzo ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni mgongano mdogo wa kiunganishi cha ndani cha supachaja injini ikiwa taratibu, unaopotea mara tu mafuta yakikanyagwa, nao nimeamua kuufuatilia kila ninapofungua boneti, nikianza kwa kuigusa ekseli ya supachaja na kuona kama bado haina mchezo.