Huku Queen Elizabeth kurudisha asili ni kung'oa, sio kupanda

Kila mwaka mvua zikikaribia simu yangu inajaa meseji za watu wanaotaka kuja mbuga ya Queen Elizabeth, huku magharibi mwa Uganda, kupanda miti, mashule, makanisa, watu wa benki, vijana wa chuo, wote wana moyo mzuri na wengine wameshanunua mpaka miche. Na mimi nawajibu kitu kilekile, asanteni sana ila kwenye tambarare zetu miti imezidi, tunachotafuta ni nyasi. Wengi wananyamaza hapo, wengine wanafikiri nawafukuza kwa heshima. Kwa hiyo leo wacha nieleze vizuri, manake hii kazi ya ikolojia ninayoongoza huku naipenda sana na inaniuma ikieleweka vibaya.

Mbuga hii ina kilomita za mraba 1,978 na ilitangazwa mwaka 1952. Kuna msitu wa kweli, Maramagambo, huo uko sawa na hamna anayeuchokoza. Lakini Kasenyi, Ishasha, na sehemu kubwa ya upande wa Mweya ni nchi ya nyasi, nchi ya kobu (aina ya swala) na nyati na simba, na kwa miaka mingi sasa vichaka vinaimeza kidogo kidogo. Adui mkubwa ni mti mfupi wa miiba, wataalamu wanauita Dichrostachys cinerea na wenyeji wanauita muremanjojo, unaota umebanana mpaka mtu hawezi kupita bila kuchanika nguo, na chini yake hamna kitu, nyasi imekufa kwa kukosa jua.

Sasa swali ambalo watu huwa hawaniulizi ni kwanini vichaka vimekuja. Si bahati mbaya. Miaka ya 60 tembo walikuwa maelfu huku, alafu vikaja vile vita na ujangili wa miaka ya 70 na kufika mwaka 1980 mbuga nzima ilibaki na tembo kama 150 tu. Tembo ndo alikuwa anavunja vichaka, anavikanyaga, anamenya magome, anafungua njia. Ukimtoa yeye kwa miaka ishirini mti wa miiba unakua bila kuulizwa na mtu. Na kabla ya hapo kulikuwa na shida ya viboko, mwishoni mwa miaka ya 50 walikuwa wengi kupita kiasi kule kandokando ya maji, walikula nyasi mpaka udongo ukabaki wazi na mvua ikaanza kuubeba, ndo serikali ya wakati ule ikaamua kuwapiga risasi, maelfu walikufa kwa miaka michache na nyasi ikarudi kweli. Watu wakisikia hiyo historia wanashtuka, lakini kwangu somo lake ni moja, pale nyasi inapoisha moto nao unakosa chakula, na moto usipopita miche ya miba inapona yote. Kwa hiyo kiboko akizidi na tembo akipungua wote wanamfanyia kazi muremanjojo, ingawa ni wanyama wawili tofauti kabisa.

Tembo wamerudi, tushukuru Mungu, saa hizi wanazidi 2,000 na wengine walivuka kutoka upande wa Congo, kule mbuga ya Virunga, walipokimbia vita. Tatizo ni kwamba vichaka vilivyokomaa sasa vimekuwa vinene sana, na tembo na wanyama wengine wanakula yale maganda ya mbegu alafu wanakwenda kuyaacha kwenye kinyesi mbali huko na mbegu ziko salama kabisa. Yaani msaidizi wetu huyohuyo ndo anasambaza. Kwa hiyo lazima mkono wa binadamu uingie, angalau kwa muda.

Kazi yenyewe ni ya jembe na sururu. Panga halifai, hili nalisema kila asubuhi mpaka watu wananicheka, ukikata shina ukaacha mizizi ile ya pembeni inayotambaa, inachipua upya na pale palipokuwa na mti mmoja unakuta kundi zima. Unachimba kuzunguka shina, unafuata mzizi mmojammoja, unautoa, alafu unageuza mti juu chini, mizizi iangalie jua ikauke. Tunaanza mapema kabla jua halijawa kali na renja mwenye bunduki anatangulia kila wakati, manake nyati wazee wanapenda kulala ndani ya hivi vichaka, simba pia.

Vibarua wetu wengi wanatoka kwenye vijiji vya wavuvi vilivyo ndani ya mbuga, Hamukungu, Katunguru, Kasenyi, na kwa vile kuna Wakonzo, Wanyankole, Waganda na watu waliotoka ng'ambo ya mpaka, Kiswahili ndo kinatuunganisha shambani. Kuna mama mmoja wa Hamukungu ana jicho ambalo sijaliona kwa mtaalamu yeyote. Watu wakishamaliza eneo na kukaa chini wanywe maji yeye anapita nyuma yao taratibu, anainama, anakwaruza kipande cha mzizi na ukucha, akiona kijani chini ya ganda ananiita, "Afande, huyu bado yuko hai." Namjibu, "Haya mama, tumfuate." Na tunachimba tena. Kwenye ripoti zangu kuna asilimia na ramani lakini ukweli ni kwamba ubora wa eneo lililosafishwa unategemea ukucha wa yule mama kuliko kompyuta yangu.

Kwanini tunajisumbua hivi? Nenda Kasenyi asubuhi uangalie kobu, yule mnyama aliye kwenye nembo ya taifa letu. Madume wana viwanja vyao vya kuoneshana nguvu, kila dume anashika kipande cha mita 20 au 30 hivi, nyasi imekatwa fupi kabisa kwa kuliwa na kukanyagwa, wanasimama hapo shingo juu wanapiga mluzi, wanapigana pembe, na majike wanakuja kuchagua. Viwanja hivyo vinatumika miaka na miaka palepale. Lakini kobu anataka kuona mbali, kichaka kikisogea karibu anajua simba anaweza kujificha, kwa hiyo wanaanza kuhama, kwanza majike alafu madume wanakosa sababu ya kubaki. Nimesimama kwenye kiwanja kilichohamwa, bado unaona udongo ulivyogandamizwa na kwato, na katikati yake miche ya miba inafika magotini. Inaumiza roho.

Kobu wakiondoka simba anabaki na njaa, na ng'ombe wa kijijini wako jirani tu. Mwezi wa nne 2018 simba 11 waliuawa kwa sumu karibu na Hamukungu, majike watatu na watoto wanane. Sisemi kichaka ndo kiliwaua, kuna hasira ya mtu aliyepoteza ng'ombe na kuna mambo mengi hapo katikati, lakini kila eneo la nyasi linalopotea linasogeza simba na ng'ombe karibu zaidi. Wengi mmemsikia Jacob, yule simba aliyepoteza mguu kwa mtego, mwaka 2024 yeye na ndugu yake Tibu waliogelea kuvuka mfereji wa Kazinga usiku, maji yenye mamba na viboko, na watafiti wanaona sababu kubwa ni kutafuta majike. Majike wamepungua. Ndo hali ilivyo.

Baada ya kung'oa unakuja moto, na hapa hata ndani ya timu tunabishana. Moto wa mapema, nyasi ikiwa bado na unyevu, ni mpole, unasaidia kuacha viraka viraka na wanyama wanapata majani laini, lakini haumuui muremanjojo. Moto wa mwisho wa kiangazi ni mkali na unaumiza miche ya miba kweli, ila ukikushinda unachoma mpaka kwa jirani. Mimi msimamo wangu ni kuchanganya, na eneo lililong'olewa lisichomwe mpaka nyasi iwe imerudi ya kutosha kubeba moto, hata kama ni kusubiri. Kuna wenzangu wanaona nachelewesha.

Gugu karoti nalo lina vita vyake. Hilo lenye maua meupe madogo limefuata barabara, mbegu zinaingia na matope ya matairi, malori ya murram, magari ya watalii, hata ya kwetu wenyewe. Mmea mmoja unatoa maelfu ya mbegu na ukiugusa bila glovu mikono inawasha siku nzima. Hapa siri ni kuliwahi kabla ya maua, na kuosha magari, basi. Naomba sana madereva wanaonisoma, osheni gari nje kabla ya kuingia.

Na kuna sehemu moja ambapo kupanda ningekukubalia leo hii. Mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe yalirundikwa upande wa Kasese tangu miaka ya 50, mvua ikayabeba miaka mingi kuelekea Ziwa George, na palipopita ukabaki ukanda ambao mimea ilikufa, udongo una rangi ya kutu, una asidi, una shaba na kobalti. Ziwa George ni eneo la kwanza la Ramsar la Uganda, yaani ardhioevu inayotambuliwa kimataifa, tangu 1988, kwa hiyo si mchezo. Pale huwezi kuchomeka mche ukaenda nyumbani, lazima kwanza udongo upunguzwe ukali, chokaa, mbolea ya samadi, alafu zianze nyasi zinazovumilia, miti baadaye sana kama itakuja. Nikipata watu wa udongo walio tayari kukaa na hilo eneo miaka kumi nitafurahi kuliko malori mia ya miche.

Kinachonichosha zaidi kuliko miba ni jinsi pesa zinavyokuja. Mfadhili anapenda kulipia hekta zilizosafishwa, unapiga picha kabla na baada, inapendeza, mradi unafungwa. Lakini muremanjojo anarudi mvua ya kwanza, na ya pili, mbegu zilizolala kwenye udongo zinaota zote kwa sababu sasa jua limeingia, na usiporudi na watu walewale na majembe yaleyale ndani ya miaka miwili mitatu eneo linakuwa baya kuliko ulivyolikuta. Nimeona hivyo kwenye picha zetu, tunasimama palepale kila msimu kwenye nguzo ileile tunapiga upande uleule, na picha hazidanganyi. Vijiji vinapata asilimia 20 ya ada ya geti kwa sheria na hiyo inasaidia shule na zahanati, ila ujira wa kung'oa ndo unaoingia moja kwa moja mfukoni mwa yule mama, na akijua kazi ipo mwakani pia anaanza kuliangalia eneo kama lake.

Kwa hiyo kwenye pendekezo ninaloandika sasa sijaomba hekta mpya hata moja. Nimeomba ujira wa kurudi Kasenyi kwenye maeneo tuliyokwishasafisha, mara mbili kwa mwaka kwa miaka mitano, mwezi wa sita na mwezi wa kwanza baada ya mvua kukatika, pamoja na sururu na glovu za ngozi, zile za kitambaa miba inapita. Nikijibiwa nitawaandikia hapa.