Neno la Nyuma ya Mlango

Juzi nilikuwa jikoni nikitwanga hiliki za vileja, na nilipogeuka nilimwona mtoto wa dada amebandika sikio kwenye mlango wa ukumbini, macho ameyafumba, pumzi ameizuia, akiwasikiliza wageni wa bibi yake. Nilimvuta mkono nikamkaripia kama nilivyokaripiwa mimi nikiwa na umri wake, kwamba mtu aliyelelewa vizuri hasikilizi ya watu mlangoni. Hakulia wala hakubisha. Aliniangalia tu, kisha akauliza: "Na wewe, mamdogo, hujapata kusikiliza mlangoni hata siku moja?"

Vidole vyangu vilikuwa vimejaa harufu ya hiliki, na moyo ulikuwa umekwisha kunipeleka Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, nilikokuwa nikisoma.

Ilikuwa tarehe 19 Machi 2019, Jumanne ya mwisho kabla ya Novruz. Waazerbaijani hawaungoji mwaka wao mpya uwafikie wakiwa wamekaa. Huanza kuukaribisha wiki nne kabla, kila wiki kwa Jumanne yake: ya kwanza ni ya maji, ya pili ya moto, ya tatu ya upepo na ya nne ya ardhi, kwa sababu wazee wao walisema kwamba vitu hivyo vinne huamka kimoja baada ya kingine baridi inapoanza kulegea. Mimi niliyezaliwa Makunduchi sikuhitaji maelezo mengi. Siku ya Mwaka ambayo sisi huisherehekea mwezi wa Julai, kwa kuoga, kwa kupigana kwa mapande ya migomba na kwa kuchoma kibanda cha makuti, wazee wetu wanaiita Nairuzi, na jina hilo na lile la Novruz ni neno moja la Kiajemi, siku mpya, lililosafiri kwa njia mbili. Khala aliponitamkia jina la sikukuu yao kwa mara ya kwanza, nilimwomba alirudie, nikakaa kimya kwa muda, kwani sikuwa nimetazamia kulikuta jina la nyumbani kwetu kando ya Bahari ya Kaspi.

Khala ndiye mwenye nyumba niliyopanga chumba. Kwa lugha yao khala ni dada wa mama, na humwita hivyo mwanamke yeyote mzima ambaye si adabu kumtaja kwa jina tupu. Kwa mtu wa Unguja anayemwita mama yake mdogo khalati, neno hilo lilikaa mdomoni bila taabu. Mengi yalikaa hivyo. Dunia yao ni dunya, kitabu ni kitab, chai ni chay, na hiliki, ambayo sikutarajia kuikuta kule kwenye baridi, wao huiita hil.

Hiliki hiyo niliitwanga siku mbili kabla, Jumapili, wanawake wa ghorofa tatu walipokusanyika jikoni kwa Khala kutengeneza shekerbura. Ni vitobosha vya umbo la nusu mwezi, vinavyotiwa ndani lozi zilizosagwa, sukari na hiliki, kisha ukingo wake husokotwa kwa ncha za vidole, mkunjo juu ya mkunjo, hadi uonekane kama kamba. Baada ya hapo huchukuliwa kibano kidogo chenye meno, na unga wa juu hubanwa mstari kwa mstari mpaka utokee mchoro unaofanana na masuke ya ngano. Shekerbura ni mwezi, paklava zinazokatwa vipande vya pembe nne ni nyota, na mkate wa duara wenye tabaka nyingi uitwao goghal ni jua. Nilipopewa kimoja nijaribu, mikono yangu iliusokota ukingo ule kwa mwendo wa kusuka ukili niliofundishwa na bibi yangu, na jirani wa mlango wa mbele aliacha kazi yake, akaegemea meza, akaniangalia vidole. "Nani amekufundisha?" aliniuliza. Nilimwambia ni bibi yangu, ila si kwa unga, bali kwa ukindu. Alicheka kwa furaha, akanisogezea vingine kumi.

Yule jirani aliishi na mwanawe, na kama familia nyingi za Baku walizungumza Kirusi nyumbani. Kuta zilikuwa nyembamba, na kila usiku nikiwa kitandani niliusikia mvumo wa Kirusi chao, nisielewe hata neno moja. Kiazerbaijani alikitumia kwa Khala na kwangu, tena kwangu alikisema polepole, kila neno akilipa nafasi yake, kama mtu anayemhesabia mtoto sarafu mkononi. Siku ile jikoni aliniuliza hali ya baba.

Baba alikuwa amepata kiharusi mwezi wa Januari. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala, ila alikuwa akizungumza, kwa shida na kwa maneno machache, na kila Ijumaa kaka alimwekea simu sikioni. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu ya masomo. Nyumbani waliniambia nisirudi, nimalize kwanza. Lakini namna walivyoniambia ilinifanya nishindwe kulala. Fedha za tikiti ningeweza kukopa. Kwa wiki nyingi nililibeba swali moja darasani, sokoni, kwenye treni ya chini ya ardhi na kwenye swala: nirudi au nibaki?

Jioni ya Jumanne ile vijana waliwasha moto uani, kati ya majengo yetu manne ya zama za Usovieti. Upepo wa kaskazini wanaouita Khazri ulikuwa ukivuma kutoka baharini, ukiulaza moto upande mmoja kisha mwingine. Desturi ni kuruka moto mara saba, ukiomba uzito wako na maumivu yako yaungulie humo, na ukiisha moto huo hauzimwi kwa maji. Niliruka mara saba nikiwa nimelishika koti langu. Watoto walikuwa wakipanda na kushuka ngazi, wakiweka kofia zao mbele ya milango ya watu, wakibisha na kukimbia kujificha, ili mwenye nyumba azijaze lozi, peremende na mayai yaliyotiwa rangi. Niliporudi juu, nguo zangu zikinuka moshi, Khala alinifungia mlango wa jikoni, akanitolea ufunguo mfukoni mwa aproni yake.

Alisema kwamba usiku wa Jumanne ya mwisho mwenye shaka moyoni hutia nia, huweka ufunguo chini ya mguu, akasimama nje ya mlango wa jirani bila kubisha, na neno la kwanza atakalolisikia ndilo jibu lake. Wanaiita fali ya sikio, na neno fali wao hulitamka karibu sawa na sisi. Nilisita. Nimelelewa kwamba kusikiliza mlangoni ni aibu, na kwamba anayetafuta habari za ghaibu kwa fali anajiingiza pabaya. Khala hakunisukuma. Aliniwekea ufunguo kiganjani, akaendelea kumenya vitunguu, kwani maganda yake ndiyo yanayoyatia mayai rangi nyekundu. Nilikaa pale kitambo kisichopungua dakika kumi. Kisha nilivua viatu, nikatoka.

Taa ya ngazini ilizimika nilipokuwa nikivuka kibaraza, na sikuiwasha tena. Niliuweka ufunguo chini ya unyayo wa kulia, na ubaridi wake ulipenya soksi hadi mfupani. Mlango wa jirani ulikuwa wa chuma, umefunikwa ngozi nyeusi iliyopasuka karibu na kitasa, na pale penye mpasuko palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga; usiku ule katika nyumba zote taa huachwa zikiwaka. Harufu ya siagi na hiliki ilitoka chini ya mlango. Ndani televisheni ilikuwa ikisema, lakini nilikwisha kuamua kwamba sauti ya televisheni haihesabiki, kwa kuwa haimo ndani ya nyumba ile. Nilitia nia. Nililisema swali langu kwa Kiswahili, kwa kunong'ona, nikimtaja baba kwa jina lake na jina la baba yake. Moyo ulinidunda hata nikaogopa kwamba nitausikia huo badala ya neno.

Televisheni ilipunguzwa. Zilisikika kandambili zikiburuzwa sakafuni, zikija, zikija, kisha zikasimama. Ukapita muda ambao hadi leo siwezi kuupima. Sauti ya mwanamke ikasema, taratibu na kwa ukamilifu: "Yolun açıq olsun."

Njia yako iwe wazi. Kwetu tungesema njia nyeupe.

Kandambili zilirudi zilikotoka, na televisheni ikaongezwa. Niliokota ufunguo. Khala aliniuliza jambo moja tu, kama neno lenyewe ni jema, na nilipomwambia ni jema hakutaka kujua zaidi. Tarehe 20 usiku tulikaa sote nyumbani, kwani anayeuanza mwaka nje ya nyumba yake, wanasema, hatatulia mwaka mzima. Tulikula pilau ya zafarani, na Khala alinipa mimi sehemu kubwa ya ukoko wake, ambao kule huheshimiwa kuliko wali wenyewe. Karibu na sahani ya ngano iliyochipua, iliyofungwa utepe mwekundu, huwashwa mshumaa mmoja kwa kila mtu wa nyumba. Khala aliwasha wake na wangu, kisha akachukua wa tatu na kuniuliza jina la baba linatamkwaje.

Nilibaki. Sitaki kusema kwamba neno ndilo lililonibakiza, kwa maana nilipolifasiri nililifasiri upande nilioutaka: njia ni ya masomo, nayo iko wazi. Nadhani ningesikia neno jingine pia ningelipindisha lije huko. Mwezi wa Mei kiharusi kilimrudia baba, safari hii kikachukua sauti. Nilirudi mwisho wa Juni nikiwa nimemaliza, na Siku ya Mwaka tulimtoa kwa kiti cha magurudumu hadi uwanjani, akakitazama kibanda cha makuti kikiwaka huku ameushika mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto. Ijumaa za kwenye simu ndizo zilizokuwa maneno yake ya mwisho kwangu, na nyingi kati ya hizo nilizifupisha kwa sababu nilikuwa na kipindi. Alituacha mwaka 2021.

Jambo ambalo usiku ule halikunijia lilinijia siku kadhaa baadaye, nikiwa kitandani, nikiusikia ukutani mvumo wa Kirusi kama kawaida. Mle ndani walikuwa wawili tu, mama na mwanawe, na wao kwa wao hawakusema Kiazerbaijani. Tena sentensi ile ilisemwa kwa mwendo wa kuhesabia sarafu, kila neno na nafasi yake. Na kandambili hazikuwa zikipita. Zilikuja hadi mlangoni zikasimama.

Hapo niliielewa mila ile kwa upande wake wa pili, ambao Khala aliutaja juu juu nami sikuushika. Usiku wa Jumanne ya mwisho walio ndani huambiwa wasigombane, wasilaani, wasiseme lolote la kukatisha tamaa, kwa sababu huenda nje ya mlango amesimama mtu mwenye swali. Kila nyumba huulinda ulimi wake kwa ajili ya mtu isiyemwona. Nimehudhuria sikukuu nyingi, na katika zote sijaona adabu iliyonigusa kama hiyo. Tangu nilipoitambua, aibu ya kusimama pale imenitoka, lakini mahali pake pamebaki jambo zito zaidi: kama mama yule alijua kwamba niko nje, basi lile halikuwa fali, lilikuwa zawadi, na kama lilikuwa zawadi, alikusudia kunipa nini? Alizijua habari za baba. Alijua kwamba nina masomo. Huenda aliyaona macho yangu siku ile ya lozi, akanitakia njia nyeupe ya kwenda kwa mzazi wangu, nami nikaipokea kwa mkono mwingine.

Niliishi mbele ya mlango wake miezi mitatu zaidi. Tulisalimiana kila asubuhi, na siku ninaondoka alinipa chupa ya jemu ya mtini, akanikumbatia ngazini. Sikumwuliza.

Hayo yote nilimsimulia mtoto wa dada juzi, nikiwa nimekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, na yeye amechutama mbele yangu akichezea maganda ya hiliki. Alinitaka nililitamke neno lenyewe kwa lugha yao, nikalitamka, kisha nikamweleza maana yake kwa Kiswahili. Alifikiri.

"Njia ipi?"

Nilimwambia sijui.

Alinitazama kwa mshangao, kama vile mimi ndiye niliyekosa adabu tangu mwanzo. "Sasa si ungebisha hodi, mamdogo, ukamwuliza?"