Fildi yangu ya wiki nane na daftari la Bi Mkubwa

"Pale hakuna hesabu." Ndivyo nilivyoambiwa kabla sijafunga begi. Aliyeniambia ni mtu mzima, msomi, amewahi kukaa kwenye semina na kikundi cha akina mama wapika sabuni nilichotaka kwenda kufanyia fildi, yaani mafunzo ya vitendo ya chuo, na alisema bila kusita: akina mama wale wanapika sabuni nzuri, lakini kumbukumbu hawana, kwa hiyo mwanafunzi wa uhasibu atakaa wiki nane akipanga vipande vya sabuni kwenye boksi. Nenda benki, akasema. Wenzangu nao wakasema hivyo hivyo. Benki kuna kiyoyozi, muhuri haukawii, na jina lake linapendeza kwenye wasifu. Hadi leo ushauri ule ukinijia nakasirika, kwa sababu nusura niufuate, na kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuomba kuliona daftari.

Nilikwenda Kusini Unguja, kijiji kimoja cha pwani ya mashariki, kati ya Paje na Makunduchi. Upande ule ndiko kilimo cha mwani wa biashara kilikoanzia Zanzibar, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na walioubeba mgongoni miaka yote hii wengi ni wanawake. Mwani ukishakauka unasafirishwa nje, unatolewa karajinani, ile inayotiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu ili zishikane. Mwani wa kotoni ndio wenye bei, lakini siku hizi maji ya ufukweni yanapata joto na kotoni inakufa. Kinachostahimili ni spinosamu, ambayo bei yake ni ya chini. Kilo saba, nane za mbichi zikikauka unabaki na moja, na hiyo moja wakati ule ilinunuliwa kwa pesa ndogo tu. Ndiyo maana kikundi hiki kikaamua kusaga sehemu ya mwani wao na kuupikia sabuni. Ni biashara ya kijamii: sabuni inauzwa kwenye nyumba za wageni na maduka ya Mji Mkongwe kama bidhaa nyingine yoyote, ila faida haina tajiri mmoja. Sehemu wanagawana wanachama, sehemu inaingia mfuko wa matibabu, na sehemu inanunua kamba na taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia mbegu.

Nilianza Jumatatu tarehe 10 Julai 2023. Barua ya chuo, picha, logibuku (daftari la kuandikia kazi za kila siku za fildi), hayo kila mtu anayajua. Chumba nilipewa na Bi Mkubwa, mwenyekiti wa kikundi, nyumbani kwake, kwa pesa ndogo mno. Nauli, vocha, chakula cha kuchangia, vyote pamoja sidhani kama vilinila zaidi ya laki tatu.

Siku ya kwanza niliwapangia ratiba. Jumatatu kupima na kusaga, Jumanne na Alhamisi kupika, Jumatano kukata, Ijumaa nusu siku, kubandika lebo. Nikaiandika kwa wino wa rangi mbili nikaibandika mlangoni pa jengo la sabuni. Akina mama wakaisoma, wakaitikia, na wiki nzima wakaja kwa wakati. Nilimpigia mama yangu Mjini nikamwambia kazi nimeiweza.

Jumanne iliyofuata, tarehe 18, nilifungua mlango saa mbili asubuhi. Nikapima kilo tano za mafuta ya nazi. Nikayeyusha kostiki soda kwenye maji (soda ndani ya maji, kamwe usimwagie soda maji, itakurukia usoni), ikafoka yenyewe, ikawa inapoa. Saa tatu hakuja mtu. Saa nne hakuja mtu. Nilidhani soda ikishayeyushwa haisubiri, na mafuta yale si ya kwangu, kwa hiyo nikaamua kukoroga peke yangu. Nikakoroga kwa mwiko saa nzima, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha yote miwili. Kwa kawaida wanapokezana watu watatu, na wanajua kwa macho uji ukianza kushika: unainua mwiko, unachora mstari juu, mstari unabaki. Wangu mstari ulizama. Nikapumzika kidogo, niliporudi mafuta yamepanda juu na maji makali yamekaa chini. Nikakoroga tena, nikatia unga wa mwani kabla ya wakati nikidhani utasaidia kushika, ukafanya mabonge. Kilo tano za mafuta ya watu ziko ndani ya ndoo, na mimi nimekaa sakafuni nalia.

Nikatoka nje kuwatafuta. Bahari haikuwepo. Maji yalikuwa yamekupwa hadi karibu na mwamba, na kule mbali kabisa kanga zao zilionekana kama vidoti vyekundu na vya manjano, wameinama. Bi Mkubwa alirudi saa saba na gunia kichwani, akanikuta mlangoni.

"Shikamoo Bi Mkubwa. Leo Jumanne, siku ya kupika."

"Marahaba mwanangu. Leo bamvua. Nani akae ndani?"

Mimi ni mtoto wa Mjini. Neno nalijua, lakini sikuwahi kuishi kwa kulifuata. Mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hujaa sana na kukupwa sana, na katika pwani yetu kupwa la bamvua huangukia saa nne, saa tano za asubuhi, kisha huchelewa karibu saa moja kila siku. Hapo ndipo shamba la mwani linafikika kwa miguu: kufunga mbegu, kung'oa majani yanayousonga, kuvuna. Siku sita au saba, kisha yanakuja maji mafu, shamba linabaki ndani ya maji na akina mama wana nafasi ya sabuni. Ile wiki yangu ya kwanza ilikuwa maji mafu matupu, nikadhani ni ratiba yangu.

Usiku ule niliing'oa ratiba yangu mlangoni. Jikoni kwa Bi Mkubwa pana kalenda ya ukutani, zile zenye tarehe mbili, ya Miladia kwa namba kubwa na ya Kiislamu kwa ndogo pembeni. Nikachukua kalamu nyekundu. Tarehe 29 hadi 5 ya mwezi wa Kiislamu: pwani. Tarehe 14 hadi 19: pwani. Zinazobaki: sabuni. Basi. Kwenye simu kuna programu za kupwa na kujaa, lakini ukutani pale kila mtu anaziona hata chaji ikiisha. Mwaka wa Kiislamu 1445 uliingia Jumatano ya wiki ile ile, na siku chache baadaye Makunduchi wakaadhimisha Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya, ambao una hesabu yake nyingine, mwaka wa jua wa siku 365. Siku hiyo pia nilikuwa nimeshaipigia mstari, kazi haikuniharibikia. Kama unakwenda fildi shamba, kabla ya kupanga lolote uliza kijiji kinahesabu siku kwa kitu gani.

Bi Mkubwa alisimama nyuma yangu akitazama ninavyochora. "Kumbe unahesabu kwa mwezi kama sisi," akasema. Akaingia chumbani, akatoka na daftari kubwa lenye jalada gumu, limezungushiwa kitambaa. Akanifungulia. Miaka mitatu ya hesabu. Mafuta yaliyonunuliwa, sabuni zilizopikwa, zilizouzwa, nani kapeleka wapi, nani kalipwa nini. Yote kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kwa tarehe za Kiislamu. Bi Mkubwa hakukaa sana skuli, lakini chuo cha Kurani alimaliza, na mkono wake wa kuandika ni mzuri kuliko wangu. Nikamuuliza kwa nini yule bwana wa semina alisema hawana kumbukumbu. "Aliliona hapo mezani," akasema. "Akadhani la dua."

Mimi nami nimesoma chuo nikiwa mdogo, hadi khitma. Ule usomaji wa utotoni, ambao sikuwahi kuuandika kwenye wasifu wowote, ndio ulioniokoa.

Nikaanza kuhamisha kwenye kompyuta, ukurasa kwa ukurasa, usiku baada ya Isha. Herufi zilinisumbua mwanzo. Anatumia herufi moja kwa b, p na mb, kwa mtindo wa wazee, nikashangaa kikundi kimenunua bao, kumbe ni mbao za fremu za kumiminia sabuni. Hayo yalikwisha kwa kuuliza. Kilichonitia kwenye shimo ni namba.

Nilitaka kuhakikisha sabuni zilizopikwa zinalingana na zilizouzwa. Risiti za mafuta ninazo, na kemia haidanganyi: kilo moja ya mafuta ya nazi hugeuka yote kwa gramu 183 za kostiki soda, wao wanatia pungufu kidogo ili sabuni isikwaruze ngozi, na ukijumlisha na maji mpiko wa kilo tano unatoa vipande sabini na kitu vya gramu mia mia. Nikazidisha mipiko ya miezi sita. Nikajumlisha mauzo kutoka daftarini. Sabuni zaidi ya mia na arubaini hazionekani. Nikarudia. Hazionekani. Mauzo anayeyasimamia ni Bi Mshika Fedha, mama mpole aliyekuwa akiniletea mkate wa kumimina kila Ijumaa.

Nilimweleza mwenzangu mmoja kwa simu. Akanirudishia ujumbe wa sauti, anafurahi: "Umemnasa! Andika kwenye ripoti, hiyo ni A." Nakiri nilifungua ukurasa wa ripoti na nikaandika kichwa cha habari. Sikulala. Alfajiri nikarudi kwenye daftari kutafuta chochote kile, na nikaona kitu ambacho macho yalikuwa yameshakipita mara kumi. Tarehe ziliteremka hivi: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na nne. Nikafungua mwezi mwingine: ishirini na mbili, ishirini na mbili, ishirini na nne. Kumi na tatu hakuna. Ishirini na tatu hakuna. Miaka mitatu nzima, tatu hakuna.

Kwenye msahafu, mbili ina jino moja na tatu ina meno mawili. Kwa mkono wa haraka, wengi huandika tatu kwa jino moja tu, na mbili wanaifanya ndoana isiyo na jino. Bi Mkubwa ndivyo anavyoandika. Mimi niliyezoea maandishi ya chapa kila tatu yake niliisoma kama mbili. Kila alipouza thelathini niliandika ishirini. Nikakaa siku mbili nikirekebisha, na sabuni zikarudi, ikabaki tofauti ya vipande sita, ambavyo Bi Mshika Fedha alivikumbuka mara moja: vilipelekwa hospitali kwa mwenzao aliyejifungua. Nilifuta kile kichwa cha habari, na nilimweleza mwenyewe nilichokuwa nimemdhania. Akanishika mkono akasema, "Afadhali ulitazama tena, mwanangu." Mkate wa kumimina ule wa Ijumaa iliyofuata ulikuwa mgumu kuumeza.

Tarehe za Kiislamu kuzigeuza za Miladia nako kulitaka uangalifu, maana mwezi ukiandama unaweza kupishana siku moja na kalenda ya chapa. Nilizifunga kwa risiti za nyumba za wageni na kwa sikukuu za Idi, kisha nikahesabu kuanzia hapo. Na mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo ukilinganisha miaka mitatu yao na miaka mitatu ya wafadhili utawaona wana upungufu wa mwezi mzima ambao haupo.

Kilichonipa fahari ni hiki. Kila aliyewahi kuwafanyia ripoti aliwapima kwa mwezi wa Miladia, na kila mara kuna miezi ilionekana ya hasara. Agosti 2023, tuliyokuwa ndani yake, ilikuwa na mwezi mpevu tarehe 1, mwandamo katikati, na mpevu tena tarehe 31. Bamvua mbili nzima na ya tatu imeanza! Mwezi kama huo ni rahisi kuonekana wa kupika sabuni chache. Halafu sabuni yenyewe inakaa kwenye chanja wiki nne hadi sita kabla ya kuuzwa, kwa hiyo mafuta yanalipiwa mwezi mmoja na pesa inarudi mwingine. Nikaacha kabisa kuhesabu kwa mwezi. Nikaupa kila mpiko namba, nikaufuata kutoka kununua mafuta hadi kipande cha mwisho kuuzwa, pamoja na saa za kazi za kila mama, ambazo hazikuwahi kuhesabiwa popote.

Hapo hasara ya kweli ikajitokeza, na haikuwa na uhusiano na mwezi. Sabuni ya karafuu, ile wageni wanayoipenda kuliko zote, iliuzwa bei moja na ya mchaichai. Mafuta ya karafuu yanatoka Pemba, kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi, na chupa yake ni ghali. Kila kipande kikiuzwa, kikundi kinatoa pesa mfukoni. Niliwaonyesha mipiko minne mfululizo, siku ya maji mafu, wote wamekaa mkekani. Walijadiliana muda mrefu, wakapandisha bei ya karafuu kwa elfu moja. Wageni walinunua vile vile.

Mhadhiri wangu alipanga kuja kunikagua tarehe 31 Agosti, saa nne asubuhi. Nilimtazamia kwenye kalenda, nikampigia: "Mwalimu, njoo na ndara." Alikuta jengo limefungwa na mimi namsubiri ufukweni. Tukatembea kwenye mchanga na majani ya bahari hadi kwenye kamba za Bi Mkubwa. Bi Mkubwa akajifuta mkono kwenye kanga, akanisainia logibuku pale pale akiwa na maji ya magoti. Mhadhiri akalichukua, akaisoma ile sahihi polepole kwa sauti, kutoka kulia kwenda kushoto, maana na yeye amesoma chuo cha Kurani. Kisha akaomba alione daftari.