Antivirusi ya bure: anza na ile iliyomo tayari

Kabla hujapakua chochote, bonyeza kitufe cha Windows, andika "Windows Security" kisha Enter. Kama kompyuta inatumia Windows 10 au 11, utaikuta humo antivirusi inayoitwa Microsoft Defender. Haina malipo wala muda wa kuisha, na kama hakuna antivirusi nyingine iliyowekwa, imekuwa kazini tangu siku mashine ilipowashwa mara ya kwanza. Wengi hawajui kwamba wanayo kwa sababu haipigi kelele. Wengine wanaijua ila wanaidharau, wakikumbuka Security Essentials, antivirusi ya Microsoft ya mwaka 2009, ambayo mtu aliipakua mwenyewe na ambayo baadaye ilishika mkia kwenye majaribio. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 ulinzi huo umo ndani ya mfumo wenyewe, na siku hizi maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, mara nyingi huipa alama zote 18 au karibu na hapo.

Alama hizo 18 zinatokana na mafungu matatu ya alama sita sita: ulinzi, wepesi, na jinsi programu isivyomsumbua mtumiaji kwa kuita faili salama virusi. Maabara nyingine ya kuaminika ni AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Ukisoma matokeo yao, tazama duru tatu au nne za majaribio mfululizo. Tofauti ya nusu alama kwenye duru moja haina maana yoyote. Antivirusi inayopanda na kushuka kila duru ndiyo ya kutilia shaka. Kwa mashine yenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka, mimi ningeanza na safu ya wepesi kabla ya safu ya ulinzi, kwa sababu antivirusi inayoigandisha kompyuta huishia kuzimwa na mwenyewe.

Defender inahitaji kukaguliwa swichi chache. Ndani ya "Virus & threat protection", fungua "Manage settings" uhakikishe kwamba "Real-time protection", "Cloud-delivered protection" na "Tamper Protection" zimewaka. Hiyo ya tatu huzuia programu nyingine isiuzime ulinzi kimyakimya, jambo ambalo virusi vingi hulijaribu kwanza. Kisha nenda "App & browser control", tafuta kinga ya programu zisizotakiwa, "Potentially unwanted app blocking", uiwashe. Hapo ndipo hunaswa vile vitu ambavyo si virusi kamili lakini hubadilisha ukurasa wa mwanzo wa kivinjari na kumwaga matangazo.

Kuna swichi nyingine, "Controlled folder access", ambayo kwa kawaida imezimwa. Inazilinda folda za nyaraka na picha dhidi ya virusi vinavyofunga faili na kudai fidia. Ni nzuri, lakini ina usumbufu wake: programu halali ya kuhariri picha au mchezo huenda ikashindwa kuhifadhi, nayo ikaleta ujumbe wa ajabu kwamba faili haipatikani au diski imegoma. Usihangaike na diski. Fungua orodha ya programu zilizoruhusiwa chini ya swichi hiyo uiongeze ile iliyozuiwa.

Neno kuhusu Windows 10: Microsoft ilikoma kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Defender bado inapokea orodha mpya za virusi, lakini kama hukujiunga na mpango wa nyongeza wa usalama, mashimo ya mfumo wenyewe hayazibwi. WannaCry, kirusi cha kufunga faili na kudai fidia, kilipoenea Mei 2017, kiraka (sasisho la kuziba) cha shimo kililopitia kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo. Walioumia wengi walikuwa hawajasasisha.

Ukitaka nyingine badala ya Defender, soko si pana kama linavyoonekana. Avast, AVG, Avira na Norton zote ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital, na Avast na AVG zinatumia injini ileile ya kutambua virusi, kwa hiyo kuzilinganisha hizo mbili ni kulinganisha rangi za dirisha. Mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa ambazo wateja walizitembelea, kupitia kampuni tanzu iliyoitwa Jumpshot, ambayo ilifungwa mwaka 2020. Kaspersky ina injini yenye nguvu, lakini Marekani ilipiga marufuku mauzo yake mwaka 2024. Kwingineko uamuzi ni wako. Bitdefender ya bure ina mipangilio michache na kelele kidogo, na kwa mtu asiyependa kuchokonoa hilo ni jema. Malwarebytes ya bure ni kitu kingine kabisa: kipindi cha majaribio kikiisha hubaki kuskani pale tu unapoiamuru. Haikai mlangoni. Iweke kama jicho la pili.

Soma leseni pia. Antivirusi nyingi za bure zimeruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani tu, na kompyuta ya nyumbani inayotunza hesabu za biashara haihesabiki hivyo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kusakinisha mbili zinazolinda kwa wakati mmoja. Kila antivirusi huweka kichujio kwenye njia ya faili. Zikiwa mbili, faili moja hukaguliwa mara mbili kila inapofunguliwa, na moja inaweza kuiona karantini ya mwenzake, yaani mahali inapofungia faili zilizonaswa, kuwa ghala la virusi. Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kazi za kompyuta, litaonyesha diski ikiwa asilimia 100 huku hujafungua kitu. Defender hujizima yenyewe ikiona nyingine imeingia, lakini hizo nyingine hazina adabu hiyo baina yao. Kwa hiyo sanidua ya zamani kwanza, hasa ile ya majaribio iliyokuja na kompyuta mpya. Kusanidua kwa njia ya kawaida mara nyingi huacha mabaki, na mabaki hayo yanaweza kuifanya Windows iamini kwamba bado kuna mlinzi. Watengenezaji wakubwa wana kifaa maalumu cha kuondoa programu yao: kipakue kwenye tovuti yao, kiendeshe, washa kompyuta upya, kisha rudi "Windows Security" uone nani ameandikwa kuwa mlinzi.

Unapopakua mpya, andika anwani ya mtengenezaji mwenyewe, maana matokeo ya juu ya utafutaji mara nyingi ni matangazo. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua "Properties", tazama "Digital Signatures": jina la kampuni lisipokuwepo, futa. Wakati wa kusakinisha ondoa alama ya vema kwenye kivinjari cha ziada, VPN na kila kinachotaka kubadilisha utafutaji wako.

Kisha ijaribu. Tovuti ya eicar.org ina faili ya majaribio yenye herufi 68 tu, isiyo na madhara, ambayo antivirusi zote zimekubaliana kuipigia kengele. Ukiipakua na kompyuta ikabaki kimya, ulinzi haujawaka.

Flashi inastahili maelezo yake. Kuna virusi vinavyoficha folda zako na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Antivirusi hufuta virusi na njia za mkato, flashi inaonekana tupu, mwenyewe anadhani kazi zake zimefutwa na anaifomati. Usifomati. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Folda zitarudi.

Maonyo yanayoibuka pembeni ya skrini yakidai una virusi vitano, huku kuskani hakuoni kitu, kwa kawaida ni arifa za tovuti uliyoiruhusu bila kujua. Antivirusi haiponyi hilo. Ingia mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, uiondoe tovuti hiyo.

Na kama kitu kinafutwa halafu kinarudi kila ukiwasha kompyuta, hifadhi kazi zako, fungua "Scan options" uchague skani ya Defender ya nje ya mfumo ("offline scan"). Kompyuta itajizima na kuwaka, itaskani kwa takriban dakika 15 kabla Windows haijapanda, wakati kirusi bado hakijapata nafasi ya kujificha. Matokeo utayakuta kwenye "Protection history".