Usimamizi wa bamvua na maji mafu

Mwanafunzi wangu wa uzamivu anatafiti kilimo cha mwani Mlingotini, Bagamoyo, kwa hiyo ratiba yetu inapangwa na bahari, si chuo. Bamvua likiingia, siku za maji kujaa na kupwa sana, maji yakikupwa, akina mama wako shambani naye yuko nao, maji magotini, anapima joto kamba kwa kamba. Maji mafu, siku bahari isipokupwa sana, ndiyo nafasi yangu ya kumbana.

Juzi kaniletea sura nzima ya nadharia. Nikamuuliza, kotonii, aina ya mwani, inakufa kwa nini?

“Maji yanapata moto, Profesa. Kila mama pale anajua.”

Basi anza na hao akina mama, kisha uthibitishe kwa vipimo! Fomu za chuo za maendeleo ya utafiti tutazijaza tu, hazijawahi kumfundisha mtu. Kikao kijacho nataka vipimo vya miezi ya kaskazi, ile ya joto, peke yake.