Kama haimo kwenye BOQ, sahau

Huku Rungwe mvua sio mchezo jamani, na barabara yetu ya kutolea ndizi na chai ilikuwa inakatika palepale kila msimu, kwenye kona ya chini. Mkandarasi akaja, akaweka kalavati, akamwaga kifusi, huyoo akaondoka. Mvua za kwanza tu ukingo ukaporomoka ukaziba kalavati, maji yote yakahamia kwenye migomba ya mzee wa jirani.

Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana, nikamfuata injinia na hasira zangu, mbona hamkupanda majani kwenye kingo, na mbona vibarua mmewatoa mjini wakati sisi tupo hapa? Akanijibu taratibu, "Mdogo wangu, isiyomo kwenye BOQ hailipwi." BOQ ni ile orodha ya kazi na vipimo vyake kwenye mkataba. Nikaona ananizungusha, kumbe ndo ukweli wenyewe.

Msimu uliofuata tukawahi mwezi wa 10 kwenye kikao cha kata, maana mwaka wa fedha unaanza Julai, ukijitokeza Mei unakuta wenzio washafunga bajeti. Na hatukwenda kulia barabara mbovu, tulipeleka vitu vya kupimika: mita za mtaro wa mawe (mawe ya Mlima Rungwe yamejaa mashambani, ya nini kumwaga zege tupu?), mita za mraba za majani ya vetiva ya kushika udongo, ile mizizi yake inashuka hata mita 3, na vibarua watoke vijiji inakopita barabara. Diwani alikomaa sana hapo. Mtaro na majani vikatolewa kama kazi ndogo peke yake, ndani ya ile asilimia 30 ambayo sheria ya ununuzi inatenga kwa makundi maalum, yaani vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu.

NeST, ule mfumo wa serikali wa kuombea zabuni mtandaoni, ndo ilitutoa jasho. Jina la kwenye cheti cha kikundi na la benki lilipishana herufi moja, wiki nzima tunapanda bodaboda kwenda Tukuyu kwa afisa maendeleo ya jamii. Tukapata kazi, hela ikachelewa, hayo tuyaache.

Kona imeshika, mzee akatuambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Sema majani ya mstari wa juu ng'ombe wake kayala yote, na palizi na kurudishia yaliyokufa hatukuyaweka kwenye BOQ. Mwezi wa 10 naenda tena.